Mzigo wa Mwenzio: Tupunguze Ukubwa wa Picha Kabla ya Kuzipakia

Jumapili ya Kipaimara katika kigango kimoja cha parokia yetu, Misa Takatifu ilimalizika saa saba mchana. Baba Askofu alikwisha kuondoka, wazazi walikuwa bado wakipiga picha na watoto wao chini ya miembe, na kijana wa VIWAWA aliyepewa kazi ya mawasiliano alikwisha kuchagua picha 40 za kupelekwa katika ukurasa wa parokia. Saa kumi na moja jioni nilimkuta juu ya kilima nyuma ya shule ya msingi, ameinua simu juu kama mtu anayeomba mvua.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele, amina. Bado tu, mwanangu?"

"Zimepanda sita, Padre. Ya saba inafika katikati, mtandao unakatika, inaanza upya. Na bando limeisha."

Nilidhani kosa lote ni la mtandao. Mtandao ulikuwa dhaifu kweli, lakini tulipozitazama zile picha pamoja tuliona kwamba kila moja ilikuwa na megabaiti 4 au zaidi. Kijana wetu alikuwa akijaribu kupitisha gunia zima la mahindi katika dirisha dogo, ilhali aliyekuwa akingoja upande wa pili alihitaji kibaba kimoja tu.

Makala hii inaeleza kwa nini picha za simu huwa nzito, namna ya kuzipunguza kabla ya kuzipakia, na jambo moja ambalo hatupaswi kulifanya wakati wa kuzipunguza. Imeandikwa kwa ajili ya makatibu wa jumuiya, wanakwaya, viongozi wa vyama vya kitume na kila mwamini ambaye amewahi kushika simu akisubiri picha "ipande".

Picha ya simu imeundwa na nini?

Picha iliyo ndani ya simu si karatasi iliyonywa wino. Ni orodha ndefu ya namba. Kamera huigawa picha katika miraba midogo mno iitwayo pikseli, kisha huandika rangi ya kila mraba. Simu nyingi za siku hizi hupiga picha yenye pikseli 4,000 kwa upana na pikseli 3,000 kwa kimo. Tukizidisha namba hizo tunapata pikseli milioni 12, nazo ndizo "megapikseli 12" tunazozisikia katika matangazo ya biashara. Rangi ya kila pikseli huandikwa kwa baiti tatu: moja ya nyekundu, moja ya kijani na moja ya bluu. Kwa hiyo picha moja, kabla haijabanwa, ina baiti milioni 36, yaani megabaiti 36.

Simu haiihifadhi picha katika hali hiyo. Huibana kwanza, mara nyingi kwa utaratibu uitwao JPEG, ambao ulipitishwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1992. Utaratibu huu umejengwa juu ya maumbile ya jicho la mwanadamu. Jicho letu hutambua upesi tofauti ya mwanga na giza, lakini si hodari sana katika kutambua tofauti ndogo za rangi. Basi JPEG hutunza mwanga kwa uangalifu, na hupunguza undani wa rangi mahali ambapo jicho halitagundua. Baada ya hapo huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na kwa kila kipande hutumia hesabu iliyoelezwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed pamoja na wenzake wawili. Hesabu hiyo hutenganisha mabadiliko makubwa, kama vile mahali ukuta mweupe unapokutana na kanzu nyeusi, na mabadiliko madogo madogo, kama vile nyuzi za kitambaa cha altare. Yale makubwa hutunzwa. Yale madogo hupunguzwa au hutupwa kabisa.

Ndivyo megabaiti 36 zinavyogeuka kuwa 3, 4 au 5. Lakini msomaji ashike neno moja hapa, kwa maana tutalirudia: kilichotupwa hakirudi.

Skrini ya msomaji

Hata baada ya kubanwa namna hiyo, picha ya megabaiti 4 bado ni kubwa kuliko inavyohitajika. Skrini nyingi za simu zina upana wa pikseli 720 au 1,080 tu. Ukimpelekea mwenye simu hiyo picha yenye upana wa pikseli 4,000, simu yake italipokea faili lote, bando lake litakatwa kwa faili lote, kisha simu itaipunguza picha ili itoshe katika kioo. Sehemu kubwa ya kile alicholipia hataiona kamwe.

Zipo njia mbili za kupunguza mzigo huo, na hufanya kazi vizuri zaidi zikitumika pamoja.

Njia ya kwanza ni kupunguza vipimo, yaani idadi ya pikseli. Tukipunguza upana na kimo cha picha kwa nusu, idadi ya pikseli haipungui kwa nusu bali hubaki robo, kwa sababu pande zote mbili zimepungua. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ikifanywa kuwa 1,600 kwa 1,200, hubaki na pikseli 1,920,000, chini kidogo ya sehemu moja ya sita ya zile za mwanzo. Hata hivyo bado inaenea vizuri katika skrini ya simu, na mtu anaweza kuivuta kidogo ili aone uso wa mwanawe.

Njia ya pili ni kupunguza ubora wa ubanaji. Programu nyingi za picha huonyesha kipimo kinachoishia 100. Ukishuka kutoka 100 hadi 80, faili hupungua sana, ilhali macho ya watu wengi hayatambui tofauti. Ukishuka chini ya 50, ukungu na vijimraba huanza kuonekana pembezoni mwa nyuso na kandokando ya maandishi. Picha yenye upande mrefu wa pikseli 1,600 na ubora wa 80 kwa kawaida huwa na kilobaiti 200 hadi 400, ambapo kilobaiti 1,000 ni sawa na megabaiti moja.

Tufanye hesabu

Turudi kilimani. Picha 40 za megabaiti 4 ni megabaiti 160. Kila baiti ina biti nane, kwa hiyo picha moja ya megabaiti 4 ni megabiti 32. Ikiwa mtandao wa mahali hapo unapandisha nusu megabiti kwa sekunde, picha moja itachukua sekunde 64, na zote 40 zitachukua takriban dakika 43, endapo mtandao hautakatika hata mara moja. Ukikatika katikati ya picha, programu nyingi huianza picha hiyo upya, na zile baiti zilizokwisha kupanda huwa zimeliwa bure. Hiyo ndiyo sababu ya bando la kijana wetu kuisha wakati picha zilizofika ni sita tu.

Sasa tuchukue picha hizo hizo zikiwa na kilobaiti 300 kila moja. Zote 40 ni megabaiti 12. Picha moja inapanda kwa sekunde 5 hivi, na zote kwa dakika 3 na ushei. Tena, safari ya sekunde 5 hukatizwa mara chache kuliko safari ya sekunde 64.

Hiyo ni gharama ya mtumaji. Gharama ya wasomaji ni kubwa zaidi, ingawa haionekani kwa sababu imegawanyika. Habari yenye picha 10 za megabaiti 4 inamgharimu kila anayeifungua megabaiti 40. Waamini 500 wakiifungua, jumla ni gigabaiti 20. Picha hizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 300, kila msomaji anatumia megabaiti 3, na wote 500 wanatumia gigabaiti moja na nusu. Baadhi ya tovuti huzipunguza picha zenyewe zinapofika, na hilo humsaidia msomaji. Lakini yule aliyezipandisha kutoka kijijini amekwisha kulipa.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliye mjini, mwenye intaneti ya ofisini, hauhisi uzito wa picha anayoituma. Unahisiwa na bibi wa kigangoni aliyenunuliwa bando dogo na mjukuu wake ili aone picha za Upadrisho, akaona kiduara kinazunguka mpaka bando likaisha. Ndiyo maana nalitazama suala hili kuwa ni la haki na mapendo baina yetu, kabla halijawa la ufundi.

Hatua za kufuata

Kwanza, chagua. Picha 10 zilizochaguliwa vizuri zinaisimulia siku kuliko picha 40 zinazofanana. Hakuna programu inayopunguza mzigo kama kuacha kutuma kisichohitajika.

Pili, kata pembezoni. Paa la kanisa na sakafu tupu havina habari. Ukikata sehemu hizo, umepunguza pikseli na umemsogeza msomaji karibu na watu.

Tatu, punguza vipimo mpaka upande mrefu uwe na pikseli 1,600. Katika simu kadhaa za Samsung, fungua picha katika galari, gusa alama ya kuhariri, kisha nukta tatu, utaona neno "Resize". Programu ya barua pepe iliyomo katika iPhone huweza kukuuliza ukubwa unaoutaka pale unapoambatisha picha. Snapseed, programu ya bure, ina mpangilio wa kuchagua vipimo na ubora wa picha inayotoka. Asiyetaka kuongeza programu katika simu yake anaweza kutumia Squoosh, ukurasa wa bure unaofunguka katika kivinjari; upunguzaji wote hufanyika ndani ya simu yako, na picha haipelekwi popote.

Nne, chagua JPEG na ubora wa 80. Wenye iPhone wakumbuke kwamba tangu mwaka 2017 simu hizo huweza kuhifadhi picha kwa utaratibu uitwao HEIC. Huo unabana vizuri zaidi, lakini baadhi ya tovuti na simu haziusomi. Kwa hiyo picha igeuzwe kuwa JPEG kabla ya kupakiwa.

Tano, hifadhi matokeo kama nakala mpya yenye jina jingine, kisha uitazame kabla ya kuituma. Je, nyuso zinatambulika? Je, picha imelala ubavu? Kamera mara nyingi haiigeuzi picha yenyewe, bali huandika ndani ya faili maelekezo kwamba simu ilikuwa imeshikwa wima. Baadhi ya programu huyapoteza maelekezo hayo wakati wa kupunguza, na ndiyo sababu wakati mwingine tunaona maandamano ya kuingia kanisani yakiwa yamelala.

Kuna picha ambayo ni afadhali isitumwe kabisa: picha ya karatasi ya matangazo. Maneno 300 ya Kiswahili yakiandikwa kwa herufi hayafiki hata kilobaiti 3. Yakipigwa picha yanakuwa megabaiti kadhaa, na bado wazee hawawezi kuyasoma. Tangazo la ndoa, ratiba ya Misa na orodha ya zamu za usafi viandikwe, visipigwe picha.

Picha ya katekista wetu

Nilisema kuna jambo moja ambalo hatupaswi kulifanya. Nalijua kwa sababu nililifanya.

Katekista wetu mmoja, aliyewafundisha watoto wa kigango chake kwa miaka mingi, alifariki dunia wakati wa masika. Familia iliomba picha ya kuchapisha na kuiweka mbele ya jeneza. Niliikumbuka picha nzuri niliyompiga mwenyewe miaka miwili kabla, siku ya Matawi, akicheka, tawi begani. Niliitafuta katika simu yangu na sikuipata. Nilikuwa nimekwisha kuituma katika kundi la parokia, nikaona imefika, nikaifuta ili kupata nafasi.

Tuliipata nakala yake kwa mwanakwaya mmoja. Ilikuwa imepita mikono mingi: mmoja aliihifadhi kisha akaipakia upya, mwingine aliipiga picha ya skrini, na kila mara ilibanwa tena. Ilibaki na kilobaiti 60. Katika simu uso ulionekana. Katika karatasi kubwa ulikuwa vijimraba. Mke wake aliishika karatasi ile, akaitazama, kisha akasema kwa upole, "Padre, si mbaya, tunajua ni yeye." Tulimzika kwa picha hiyo.

Kwa hiyo kanuni ya makala hii ina sehemu mbili zisizotenganishwa: tunapunguza nakala, tunatunza ya asili. Uchapishaji mzuri huhitaji nukta 300 kwa kila inchi. Picha yenye upande wa pikseli 4,000 inaweza kuchapishwa kwa ubora huo hadi sentimita 34 hivi. Ile iliyopunguzwa hadi 1,600 inaishia takriban sentimita 13 na nusu. Ya pili inatosha kabisa katika simu, lakini haitoshi ukutani, wala mbele ya jeneza. Na kwa kuwa kilichotupwa hakirudi, hakuna fundi wala programu inayoweza kuurudisha uso wenyewe wa mtu kutoka katika kilobaiti 60. Programu zinazodai kuusafisha hubuni tu kile kisichokuwepo.

Picha za asili zihamishwe kutoka katika simu kila mwezi na kuwekwa katika kompyuta ya ofisi ya parokia, na nakala ya pili iwekwe katika diski ya nje inayotunzwa mahali pengine. Ziwekwe kwa mwaka na tukio, pamoja na majina ya wahusika yaliyoandikwa kando. Tunavyotunza vitabu vya Ubatizo na Ndoa, vivyo hivyo tutunze na nyuso.

Kilichofichika ndani ya faili

Pamoja na rangi, faili la picha hubeba maelezo yasiyoonekana: tarehe, saa, aina ya simu na, ikiwa kamera imeruhusiwa, mahali hasa picha ilipopigwa. Picha ya watoto wa Komunyo ya Kwanza iliyopigwa nyumbani kwao inaweza kumwonyesha mgeni nyumba hiyo ilipo. Programu nyingine huyafuta maelezo hayo wakati wa kupunguza, nyingine huyaacha. Njia ya uhakika ni kuizuia kamera isiandike mahali, katika mipangilio ya simu. Ridhaa ya wazazi kabla ya kuzitangaza nyuso za watoto wao ni sharti linalosimama palepale, picha iwe kubwa au ndogo.

Kwa vijana wanaotengeneza programu

Katika parokia zetu wapo vijana wanaotengeneza programu za simu kwa ajili ya kwaya, jumuiya na michango. Kwao nina ombi: picha ipunguzwe ndani ya simu ya mtumiaji, kabla haijaondoka. Kuipunguza katika seva kunaokoa nafasi ya seva, lakini hakumrudishii mwamini bando lake. Zana zilizopo hulifanya jambo hili kuwa jepesi. Anayetumia Flutter, kwa mfano, akiwa na kifurushi kiitwacho image_picker, anaweza kuweka kikomo cha upana, cha kimo na kiwango cha ubora pale pale picha inapochaguliwa. Wakumbuke pia kwamba picha ya pikseli milioni 12 ikifunguliwa kikamilifu huchukua takriban megabaiti 48 za kumbukumbu ya simu, kwa kuwa hapo kila pikseli kwa kawaida hupewa baiti nne. Programu inayofungua picha kadhaa za namna hiyo kwa pamoja itajifunga yenyewe katika simu za bei nafuu, nazo ndizo zilizo mikononi mwa wengi wetu.

Utaratibu tuliouweka

Baada ya mambo hayo mawili, kilima na jeneza, Halmashauri ya Walei ya parokia yetu ilikubali utaratibu mfupi, nao umebandikwa katika mlango wa ofisi: picha zisizozidi 12 kwa tukio, upande mrefu pikseli 1,600, ubora 80, faili lisizidi kilobaiti 400, za asili zote ziletwe ofisini kabla mwezi haujaisha, asiyejua aulize, na anayejua amfundishe mwenzake.

Siku ya Ubatizo wa watoto wachanga uliofuata katika kigango kile kile, mtandao ulikuwa ule ule. Kijana wetu alikaa kwenye ngazi za kanisa, akatuma picha zake 12, akaja kula na wenzake wakati wali ungali wa moto. Ijumaa iliyofuata alileta ofisini kadi yenye picha za asili, na nyuma ya bahasha aliandika kwa mkono majina ya watoto wote waliobatizwa, mmoja mmoja, pamoja na majina ya wazazi na wasimamizi wao.